Tone Kwenye Sweta ya Arvid

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, mzee Arvid Lokken hufuta miwani kwa pindo la shati, huchungulia kipimajoto kilichotundikwa nje ya dirisha la jikoni, na kutangaza baridi ya siku kama msoma habari. Miaka thelathini ya kupima nafaka ghalani ilimwachia tabia hiyo.

"Ishirini na nane chini ya sifuri," alisema Jumanne ile. "Mkwe wangu, leo hata mbwa atajisaidia ndani."

Renae, mke wa mwanawe, hakucheka. Ilikuwa baridi yake ya kwanza Minnesota, na siku nne mfululizo alilala ameacha bomba likidondoka ili maji yasigande. Yaligandia kwingine: kwenye njia ya maji machafu ipitayo uvunguni mwa nyumba, tone juu ya tone, hadi sinki ikajaa. Alfajiri, kwa aibu na bila kumwambia mtu, alimwaga humo kopo zima la dawa ya kuzibulia mabomba, ile kali inayounguza ngozi. Maji hayakushuka hata kidogo.

"Umeacha bomba lidondoke, eti?" Arvid alichungulia sinki. "Usijali. Marehemu mke wangu alifanya hivyohivyo, na alizaliwa hapahapa."

Akavua miwani isianguke, akalala chali chini ya sinki na spana yake, uso ukielekea kona ya bomba.

Renae alilitazama kopo tupu la dawa. Akisema, ataonekana mjinga mara mbili. Nati ya bomba ikalia kidogo, ikaanza kulegea.

"Baba, toka! Nimetia dawa humo! Kopo zima!"

Spana ilisimama. Tone moja likaangukia mkono wa sweta yake ya sufu. Akaikaza nati taratibu, akajivuta nje, akavua sweta.

Kisha alivaa miwani ya kazi na glavu za mpira, akafungua dirisha, akachota yale maji kikombe kwa kikombe hadi ndoo ya plastiki ikajaa. Ile kona hakuigusa tena. Alishuka uvunguni na mashine ya kukaushia nywele, akalipasha bomba kwa nje, pole pole, saa mbili nzima.

"Shika tochi vizuri, binti. Unanimulika masikio."

Renae alikuwa bado anamulika bomba lilipokoroma na maji kushuka.

Jioni sweta ilikuwa na tundu mkononi, pale tone lilipoangukia, ukubwa wa punje ya njegere. Renae alipitisha kidole humo.

"Baba, je, kama nisingesema?"

Arvid alikuwa akifuta miwani.

"Ningeifungua ile nati."