Pua ya Igoki

Kwa miaka ishirini na miwili Igoki alifumba macho kazini, na hakuna aliyemuuliza chochote. Alisimamia mashine ya kuchachusha majani katika kiwanda cha chai kwenye miinuko ya Embu. Majani yaliyosagwa yalipita polepole juu ya mkanda, naye alingoja ile harufu mbichi igeuke kuwa ya tunda lililoiva. Hapo hapo alibonyeza kitufe, majani yakaenda kukaushwa. Yakicheleweshwa kidogo tu, chai inapooza, inakosa ladha.

Kisha mashine ikafungwa skrini ya kuhesabu dakika za kuchachusha, na meneja Gachoki akatangaza kwamba mtu mmoja sasa anatosha: ama Igoki, ama mwenzake Kivuti. Ili asiambiwe anapendelea, akaleta mtafiti wa chuo kikuu, Winfred, apime nani ana umakini zaidi na akili ya nani inalemewa na kazi. Wakavishwa miwani yenye kamera ya kufuata macho, na saa ya kuhesabu mapigo ya moyo.

Kivuti aliikodolea skrini siku tatu, hata kupepesa akaona ni dhambi. Baadaye alikiri kwamba muda wote alikuwa akiwaza mechi ya Jumamosi, lakini miwani haisikii mawazo. Ya Igoki ilionyesha macho yamefumbwa mara arobaini kwa saa, na saa yake ikaonyesha moyo umetulia tuli.

"Mum, hapa ulikuwa unasinzia?" Winfred alimuuliza.

"Hapana, madam. Nilikuwa nasikia harufu."

Winfred akapitisha kidole kwenye fomu. Macho yalikuwemo, moyo ulikuwemo, uchovu pia. Pua haikuwemo.

"Sasa hiyo nitaiandika wapi?"

"Huyo mum huwa anaomba," Gachoki, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akadakia. "Hiyo hapa kila mtu anajua!"

Basi ikaandikwa maombi. Kivuti akapata asilimia tisini na sita, akapewa mashine. Igoki, kwa heshima zote, akapewa kuongoza maombi ya asubuhi, na ufagio wa kufagilia ofisi. Alijifungia stoo akalia kwa hasira. Maombi gani haya ya kumnyang'anya mtu kazi yake?

Wiki ya tatu wanunuzi wakaandika barua: chai imepooza. Mafundi wakaja, wakaikagua mashine, wakaisifu, wakaenda. Gachoki alipoishiwa na watu wa kuita, akamwita Igoki.

"Mum, hebu tuombee hii mashine."

Wafanyakazi wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Igoki akasimama pale pake pa zamani, akafumba macho, akavuta pumzi. Akavuta tena na tena, mpaka Gachoki akachungulia kwa jicho moja.

"Kivuti," Igoki akanong'ona, "bonyeza sasa."

Skrini ilisema bado dakika sita. Kivuti akaitazama skrini, akamtazama Igoki, akabonyeza.

"Amina!" wakaitikia wote.

Chai ya siku hiyo ilitoka safi. Gachoki akamshukuru Mungu hadharani, akamwandikia Winfred kwamba Kivuti anaendelea vyema sana. Tangu hapo Igoki huitwa kila mkanda unapojaa, akaomba, kisha akarudi kwenye ufagio wake. Mara mbili amejaribu kumweleza meneja kwamba ni pua.

"Mum," Gachoki humwambia kwa upole, "usianze kujivuna. Utukufu ni wa Mungu."