Nililifunga Geti la Shule kwa Mdomo Wangu

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Nisikilize kwanza, halafu unitukane.

Vita vilipofika Masese, hapa Jinja, tulikimbilia shuleni, mimi, mume wangu na watoto. Mwalimu mkuu akafunga geti. Nilimwona kwa macho yangu! "Humu hakuna nafasi, mama, nendeni!" Mume wangu akapigwa risasi palepale nje.

Niliwabeba watoto hadi Mbale, tukaishi mtaa wa Namatala nikipepeta mchele wa watu. Baadaye mwalimu naye alikimbia, shule ikawa kambi ya askari.

Amani iliporudi, nilimkuta yule bwana anapiga kengele kama kawaida. "Mama Hadija, karibu nyumbani." Karibu nyumbani! Nikasema moyoni, wewe utalia.

Marehemu baba yangu alikuwa na liizi pale: shule ilimkodisha pembe ya kiwanja kwa miaka mingi, aanike mukene, wale dagaa wetu. Ardhi ilibaki ya shule. Mimi nikataka iwe yangu kabisa, tena na madarasa juu! Afande mmoja aliyekaa kwenye ile kambi akasema, "Tuombe hati pamoja, mama, mimi najua wakubwa."

Kamati ya ardhi ikaja kukagua. Desturi ni majirani kusimama mpakani na kusema nani mwenye pale. Nikapaza sauti, mwalimu akisikia: "Shule hii ilikufa! Aliyekimbia vita ameiacha ardhi!" Majirani walijua nasema uongo, lakini walimkumbuka mume wangu, wakaitikia. Wallahi nilifurahi! Siku ile nilikula nikashiba.

Taito, ile hati ya kumiliki ardhi, ikatoka. Jina la Afande peke yake! Nikamwendea nikifoka, akacheka.

"Mama, si wewe ulisema aliyekimbia vita ameiacha ardhi? Wewe ulikuwa wapi? Mimi ndiye niliyebaki hapa."

Nilikwenda kwa majirani wanitetee, wakaniambia wao walishaitikia maneno yangu mbele ya kamati.

Sasa nimekuwa bibi, na mukene naanika kando ya barabara. Watoto wa Masese wanasoma kwenye baraza ya msikiti, na anayewafundisha ni nani? Yule yule! Mjukuu wangu anamsifu mpaka mezani, mimi nasaga meno. Sijamsamehe, na msiniambie nisamehe!

Lakini ninyi wenye kidonda kama changu, jamani, mkamateni mwenye kosa. Mshitakini yeye, mtukaneni yeye, shule iacheni. Hasira hasara, na hasara yenyewe hailipwi na mwenye hasira peke yake.

Juzi mvua kubwa ilinyesha. Mjukuu wangu na wenzake wakakimbilia kwenye madarasa ya zamani wajikinge. Mlinzi wa Afande akafunga geti. Nilikuwa barabarani nakusanya samaki wangu, nikamsikia akiwaambia humu hakuna nafasi.