Bushi za Gari la Ngozi

Sijapata kulichukia gari kama nilivyolichukia lile. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga mjini, Mwislamu, mtu msafi kupita kiasi, kanzu yake nyeupe hata katika vumbi la Agosti. Lakini gari lake, loo! Lilibeba ngozi mbichi za ng'ombe kutoka pande za Mwimbi, na zikikosekana ngozi likabeba samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Maji ya chumvi ya zile ngozi yalichuruzika katikati ya mbao za nyuma, yakagandamana na grisi na vumbi huko chini, yakawa uji mweusi wenye funza. Na wa kulala chali chini ya uji huo nilikuwa mimi.

Hizo ni zamani za Mwingereza, wakati mafundi wa magari mjini kwetu tulikuwa wachache sana. Nilijifunza kazi kwa Wazungu waliokuwa wakijenga barabara, kisha nikafungua kibanda changu pembeni mwa mji, jirani na mashamba ya ulezi ya ndugu zangu. Tangu anijue, mzee yule hakumpa fundi mwingine gari lake. Alikuwa akiwaambia wenzake wa madukani kwamba Mfipa huyu hasemi uongo, nami nilikuwa nikitembea kifua mbele kwa neno hilo.

Alinijia Alhamisi moja asubuhi, uso umemsawijika.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, fundi. Baba yangu ni mgonjwa, yuko Laela kwa dada yangu. Wameniletea habari nisikawie. Na gari ndilo hili, linayumba, usukani hauna adabu. Litanifikisha kweli?"

Nilichungulia chini nikaona. Bushi za springi za mbele zilikuwa zimekwisha. Bushi ni vile vipande vya mviringo vya mpira, vyenye bomba la chuma katikati, vinavyokaa kwenye tundu la mwisho wa springi ili chuma kisisagane na chuma. Bahati nzuri alikuwa nazo mpya, alizonunua Mbeya akaziweka. Nikamwambia arudi kesho yake asubuhi.

Siku ile nzima nilitukana. Nati zilikuwa zimeshika kutu, na kila nilipopiga nyundo, matone ya ule uji yalinidondokea usoni, moja likaniingia mdomoni. Nilitoka nikatapika kando ya kibanda. Nilipofungua springi ya kushoto nikakuta jambo la kunitapisha mara ya pili: mtu fulani aliyeligusa gari kabla yangu alikuwa amejaza nafasi ya mpira uliolika kwa vipande vya ngozi mbichi, na ngozi ilikuwa imeoza humo humo. Nilivichokoa kwa bisibisi huku nimeziba pua. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba mtu anayemwekea mwenzake uozo na kunyamaza si mtu. Mpira wa zamani ulikataa kutoka, nikauchoma kwa moto, na moshi wake ukanikaa kooni hadi jioni.

Jioni nilioga. Nikaoga tena. Nilikuwa na kipande cha mwisho cha mche wa sabuni, nikajisugua nacho nywele, kucha na masikio, nikafua na nguo, hadi kikaishia mkononi. Sikukumbuka hata kidogo kwamba kesho yake bushi mpya zingehitaji sabuni.

Maana bushi haiingii kavu. Unaipaka povu zito la sabuni, unaikaza polepole kwa bolti ndefu na washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, inateleza hadi mahali pake, kisha povu linakauka na mpira unashika. Grisi haifai, inaozesha mpira. Hayo yote niliyajua.

Asubuhi mzee alifika mapema, na kifurushi chake cha safari kwapani. Sabuni ilikuwa dukani kwake mwenyewe, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Ningeweza kumwambia. Niliona haya kusema kwamba fundi mzima sina sabuni, na kusema kweli nilitaka tu uvundo ule uondoke machoni pangu. Kwenye rafu palikuwa na kopo la mafuta niliyokuwa nikipaka buti na spana. Yalikuwa mafuta ya nguruwe, wa kwetu, tuliyemchinja Pasaka.

Niliyachota kwa kidole nikapaka. Nikajiambia mafuta ya mnyama si grisi, hayatadhuru kitu. Mzee wala sikumfikiria.

Lakini springi ilikuwa ikicheza, nami sikuwa na mtu wa kunishikia. Kabla sijasema neno, mzee alikunja mikono ya kanzu, akachuchumaa penye uchafu ule, akaishika kwa mikono yake miwili. Nilikaza bolti. Mafuta yakatoka pembeni, yakamtiririkia vidoleni hadi kwenye viganja.

"Mafuta gani haya, fundi?" aliuliza.

"Ya kazi tu, mzee."

Alisuuza mikono kwa maji, akanishukuru, akaondoka. Gari lilikwenda limenyooka barabarani, nami nikalitazama kwa furaha hadi lilipopotea.

Alirudi baada ya wiki. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri ya Jumamosi. "Nimemkuta hai," aliniambia, "amenitambua, amenishika mkono. Fundi, sitakusahau." Aliniletea kilo mbili za sukari. Chai ya sukari ile niliinywa kwa shida.

Miezi minne haikupita, gari likaanza kuyumba tena. Nilizitoa bushi mbele yake. Mpira ulikuwa umevimba, unanata, unakatika vidoleni kama ugali mbichi. Mzee alikiokota kipande kimoja akakigeuzageuza, hasira zikampanda.

"Yule bwana wa Mbeya kaniuzia takataka. Naenda kumwaibisha mbele ya wateja wake."

Ningenyamaza, mtu asiye na kosa angetukanwa hadharani na mimi ningebaki fundi asiyesema uongo. Nilijiona nanuka kuliko gari.

"Mzee," nilisema, "mpira ulikuwa mzuri. Nimeuozesha mimi. Nilipaka mafuta ya nguruwe."

Kipande cha mpira kilimtoka mkononi. Alivitazama viganja vyake, upande huu na upande huu, kwa muda mrefu.

"Siku ile nilifika Laela jioni," alisema. "Asubuhi yake nikamwosha baba, kabla ya kumvika sanda. Sikutaka mtu mwingine amguse. Nilimwosha mimi, fundi, kwa mikono hii."

Niliinama nikachukua kopo la maji nimmiminie. Alirudisha mikono nyuma.

"Weka chini," alisema. "Wewe usinishikie maji."