Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Juzi nilimwona fundi redio wa pale stendi akibadilisha fyuzi ya amplifaya, na tangu hapo nawaza fyuzi hata nikiwa kwenye usaili wa kazi.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi Maisaka. Baba alipiga gitaa la besi kwenye harusi, na ndizo zilizotulisha. Mchana mmoja, kesho yake kukiwa na harusi Bonga, amplifaya yake ilikataa kuwaka. Baba alichomoa fyuzi iliyoungua, akaizungushia karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, akairudisha.

"Itashika hiyo, Baba Neema?" mama aliuliza.

"Hii haikatiki tena. Hata umeme uje na hasira zake!"

Nilimwona baba mshindi. Sikujua kwamba fyuzi huwekwa ili ikatike yenyewe, mashine ipone.

Baba akachomeka gitaa, akapiga, amplifaya ikanguruma. Vikombe vilitetemeka kabatini, mama akacheza na mwiko mkononi. Kisha ikaja harufu kama ya sukari inayoungua. Nilidhani muziki ndio umekolea, nikapiga makofi. Moshi ukatoka nyuma ya mashine, sauti ikazama. Baba alichomoa waya ukutani, akafungua mfuniko, akaitazama transfoma iliyoungua.

"Sasa kesho tutafanyaje?" mama aliuliza.

Baba alichukua gitaa lake. Alikaa kitandani, akaendelea kulipiga ingawa halisikiki bila amplifaya, wimbo baada ya wimbo. Mimi nilidhani anafanya mazoezi ya harusi.