Kadi ya Namba Tatu

Mwaka ule wakimbizi walipojaa wilayani kwetu Ngara, nilipata kazi jeshini bila kuwa askari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Bukiriro nalima maharage na mama, ndipo mwalimu wangu wa zamani akanipeleka kwenye karakana ya magari ya jeshi. Yalikuwa maturubai matatu tu kando ya barabara ya kwenda kambini. Walitaka karani mwenye mwandiko unaosomeka, nami mwandiko nilikuwa nao. Magari sikuyajua hata kidogo. Kwetu tulijua baiskeli.

Niliwekwa chini ya sajini mmoja mtu wa Songea, mfupi, mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia, "Shikamoo, afande." Akaitikia, "Marahaba, binti," kisha akanifundisha kazi nzima tukiwa bado tumesimama.

"Kila gari linaloingia hapa linapewa kadi. Namba moja, dereva analitengeneza mwenyewe: oili, mkanda, tairi. Namba mbili, mafundi wetu, hapa hapa. Namba tatu, asiliguse mtu. Linavutwa mpaka karakana kubwa, Biharamulo. Mimi nataja namba, wewe unaandika na kuifunga kadi kwa waya."

Nilidhani anabahatisha, mpaka nilipomwona akifanya kazi. Alichukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha yake kwenye injini inayonguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Madereva wote walinyamaza. Mara ya mwisho kuona watu wazima wakinyamaza vile ilikuwa hospitalini, daktari alipokuwa akisikiliza kifua cha bibi yangu. Nikajikuta na mimi nimezuia pumzi.

Asubuhi moja liliingia gari la maji. Lilikuwa lori la jeshi lililofungwa tangi kubwa mgongoni, nalo ndilo lililopeleka maji upande mmoja wa kambi. Lilikuwa likitoa moshi na kugonga. Nyuma yake alikuja kapteni, msimamizi wa magari yote, amepanda gari dogo.

"Ni nozeli tu hiyo ya kupulizia dizeli," kapteni alisema. "Lipe namba mbili, saa nane liwe barabarani."

Sajini alisikiliza mbele, akasikiliza ubavuni, halafu akalala chini kwenye vumbi na bisibisi yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakujifuta.

"Namba tatu, afande. Nozeli ni mbovu kweli, lakini kinachogonga kiko chini kabisa, kwenye krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Likipanda kile kilima cha kambini na maji mgongoni, injini itapasuka."

"Biharamulo watakaa nalo wiki mbili! Unawajua watu wanaosubiri pale na madumu?"

"Nawajua, afande."

Sajini alinigeukia, akasema taratibu, "Andika tatu, binti." Nikaandika. Kisha akalizunguka lile lori, akaligonga tangi kwa kiganja, likalia wazi na safi.

"Gari lina namba tatu," akasema. "Tangi ni zima."

Mwisho wa uwanja palikuwa na lori jingine la aina ile ile, tambarare nyuma, lenye kadi ya namba moja: mkanda wa feni tu ulikuwa umekatika. Sajini akamwambia dereva wake afunge mwingine kabla chai haijapoa. Halafu akamwomba kapteni ruhusa ya kuhamisha tangi. Kapteni akalitazama lile tangi, akauliza kwa winchi gani, maana yetu ilikuwa mbovu.

"Kwa watu, afande."

Tulikwenda kambini, mimi nikiwa mkalimani, maana Kihangaza chetu na lugha zao ni ndugu. Nilipanda juu ya gari nikasema gari la maji limeharibika na tunahitaji mikono. Sikumaliza. Walitufuata hadi karakana wanaume, wakaja wanawake waliofunga watoto migongoni, hata padri wao mzee akaja amekunja mikono ya kanzu. Mafundi walifungua bolti, wakapitisha magogo ya mikaratusi chini ya tangi. Lori la pili likarudishwa nyuma polepole mpaka yakakaribiana.

"Twese hamwe!" mmoja wao aliita, yaani sote pamoja.

Likainuka. Chuma kile, ambacho mimi niliona hakiondoki pale, kilielea juu ya mabega ya watu ambao wiki chache nyuma walikuwa wamevuka mpaka na mikeka tu kichwani. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia pumzi zao tu, na nyayo zikisogea pamoja. Kapteni alikuwa amevua kofia, sidhani kama alijua.

Saa nane haikufika, maji yakaondoka.

Baadaye nilitumwa Biharamulo na makaratasi ya lile lori. Fundi mmoja alinionyesha krenki yake juu ya meza, inang'aa, nzima kabisa machoni pangu. Aliipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akanyunyiza unga wa chaki. Tulisubiri. Polepole, katikati ya weupe, ukajitokeza mstari wa unyevu, mafuta yakitoka kwenye ufa, ukazunguka chuma karibu chote.

"Nani aliyeijua hii?" fundi aliuliza.

"Sajini wetu."

"Kwa mashine gani?"

"Kwa sikio."

Aliwaita wenzake wawili waje waone.

Niliporudi nilimweleza sajini yote, tena kwa haraka, kama mtoto anayeleta habari za harusi. Alisikiliza huku akikaza waya wa kadi fulani. Kisha akaniuliza kama kule Biharamulo walinipa chakula. Nilisema walinipa ndizi na maharage.

"Vizuri," akasema. "Basi njoo, kuna pikipiki mbili zimeingia."