Makandi na Kadi ya Picha

Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, hapa mjini Meru, na mambo ya kompyuta niliyajua kwa masikio kabla ya kuyajua kwa macho. Ukuta kati ya chumba changu na cha Makandi ulikuwa wa mbao. Kila gari lililogonga mwamba upande wa pili, mimi nilishtuka na sindano mkononi.

Yalikuwa magari ya mchezo. Makandi alikuwa karani wa kupiga chapa katika chama kimoja cha wakulima, na chama kilipofungwa, badala ya mshahara wa mwisho akapewa kompyuta aliyokuwa akiitumia. Wenzake walipewa viti. Akaileta Majengo, akapanga chumba. Mchana alichapa barua na ratiba za mazishi, jioni vijana wakaja kucheza mbio za magari kwa zamu. Mchana ulimlisha, jioni ikamlipia kodi, na yeye akatembea mjini kichwa juu bila kumwomba mtu chumvi.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokwisha kubomoa barabara zetu, mtu mmoja akafungua chumba kingine cha michezo karibu na stendi, na mashine zake zilikuwa mpya. Kule magari yaliteleza kama yamepakwa mafuta. Kwa Makandi yalikwenda kwa kurukaruka, mti ukazuka ghafla mbele ya bampa, na picha ikaganda palepale unapotaka kukata kona. Vijana wakahama. Hawana haya hao. Wiki moja nyuma walikuwa wakimwita anti.

Ndipo akaja Muthamia, kaka yake mkubwa, mwenye lori la viazi kule Kiirua. Huyo hakuwa na desturi ya kuketi kwa mtu, alisimama tu mlangoni akaziba mwanga.

"Makandi, hii kitu imekufa," akasema. "Na shamba ya mami iko pale inamea nyasi. Shule zikifunga December na hii chumba haijilipi, nakuja na lori tunabeba kila kitu."

"Na ikijilipa?"

"Ikijilipa sitaongea tena."

"Sawa. Lete mkono."

Wakapeana mikono pale mlangoni. Nilitamani kumchapa na rula yangu ya mbao. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na uhakika tu, na hakuna kitu kigumu duniani kama uhakika wa kaka mkubwa. Makandi naye alimpenda mama yake na akaliheshimu lile shamba, lakini kurudi Kiirua kupalilia viazi vya Muthamia akiwa na miaka thelathini na kitu, hapana. Aliniambia hivyo waziwazi, na macho yake yalikuwa makavu.

Akamwita Misheck, kijana aliyekuwa akitengeneza redio na kompyuta pale sokoni. Misheck akafungua sanduku, akachungulia, akasema mashine haina ugonjwa ila imekosa kadi ya picha, ile inayochora magari na barabara haraka ili mashine yenyewe isichoke.

"Madam, ziko ndogo, za katikati na kubwa, lakini chukua ile kubwa kabisa," akamshauri. "Hii maneno ya katikati itakufanya ununue mara mbili."

"Misheck, mimi ni mtu wa katikati," Makandi akamjibu.

Jioni akaniambia kupitia ukutani, "Mama Hidaya, kumbe ni kandi tu!"

Sisi wa Majengo huwacheka sana Wameru kwa hilo. Hawawezi kuiacha herufi d itembee peke yake, lazima waipe n ya kuisindikiza. Nikamwambia, "Basi Makandi amekosa kandi, na kandi zimejaa kwenye jina lake!" Akacheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu vijana wahame.

Muthamia alikuwa akipeleka viazi Nairobi kila wiki. Makandi akampa akiba yake yote, akamwambia maneno haya, niliyasikia mwenyewe: "Niletee kandi ya picha. Nzuri, lakini ya bei ya katikati."

Kaka akarudi na katoni zima. Nilijua kuna balaa kwa sababu lilikuwa kubwa mno. Makandi akalipasua, akatoa kadi moja, ya pili, ya tatu. Waridi jekundu. Jua likizama. Paka wawili ndani ya kikapu. Zote zimeandikwa kwa herufi za dhahabu maneno ya kumtakia mtahiniwa heri katika mtihani wake. Zilikuwa kadi za sakses, zile ambazo kila mtoto wa darasa la nane na fomu foo hutumiwa na shangazi zake kabla ya mtihani.

"Muthamia. Hii ni nini?"

"Si ulisema kandi ya picha?" Mtu mzima amesimama pale anajivunia. "Picha si hizo? Ziko zingine za bei ya chini, lakini hizo ni maua tu, hata paka hakuna. Nimekuchukulia za katikati. Nikasema, kai, leo dada yangu ameanza biashara ya maana!"

Alipoondoka, nilitega sikio ukutani. Nilizima cherehani. Niliogopa, kwa sababu Makandi hakuwa mtu wa kulia, na asiyelia akivunjika huvunjika vibaya. Halafu nikamsikia akipiga chafya ya vumbi la katoni.

"Mama Hidaya, mitihani inaanza lini?"

"Mwezi huu huu."

"Basi yaliyomwagika tutayafagia."

Asubuhi akakuta kwamba kadi hizo zinauzwa kila duka, na hakuna atakayemwacha muuzaji wake aje Majengo kwa ajili ya paka wawili. Akafikiri. Kisha akawasha ile mashine iliyosemekana imekufa, akaanza kuchapa majina ya watahiniwa kwa maandishi ya mviringo mazuri, akiyabandika ndani ya kadi. Akapanda nayo Kaaga, ambako shule zimepangana kama mahindi, akasimama langoni siku ya wazazi kutembelea watoto. Mzazi anataja jina, jioni mtoto anapelekewa kadi yenye jina lake limechapwa kama la waziri. Waligombania. Mama mmoja aliomba jina la mwanawe litangulie na "Daktari". Mtihani ulipoanza, katoni lilikuwa tupu na akiba ilikuwa imerudi imenenepa.

"Sasa naenda mwenyewe," akaniambia. "Na naenda nayo."

"Nayo nini?"

Akaniashiria sanduku la kompyuta.

"Mami akienda kununua ng'ombe alikuwa anabeba ndoo yake. Mwenye ng'ombe anamsifia pembe, anamsifia mgongo, anamwambia huyu ni gredi safi. Mami anachuchumaa anakamua. Ng'ombe hanunuliwi kwa pembe."

Nikampa leso yangu, tukalifunga sanduku mgongoni kwake kama mtoto, na alfajiri akaondoka. Mama mmoja alimpisha kiti garini ili mtoto asibanwe.

Ya huko Nairobi alinisimulia akiwa bado na hasira. Muuzaji alimwekea kadi tatu mezani, ndogo, ya katikati na kubwa. Ile kubwa ilikuwa na sanduku lenye picha ya joka linatema moto. Muuzaji akaisifia mpaka mate yakamkauka.

"Iweke hapa tuone," Makandi akasema, akaifungua leso mezani.

"Madam, hatufungui mashine za wateja dukani. Nenda nayo nyumbani."

"Nyumbani ni Meru."

"Hiyo ni sheria ya duka."

"Basi nangoja sheria ibadilike." Akalishusha sanduku sakafuni, katikati ya mlango, akalikalia. Wateja wakaanza kumruka. Wengine wakauliza huyu mama anadai nini, naye akawaeleza wote, kwa sauti ya mtu wa sokoni, kwamba anataka kukamua kabla ya kununua. Watu wakacheka, wakabaki kutazama, na muuzaji akaona heri achukue bisibisi.

Akaiweka ndogo kwanza. Magari yakaruka vilevile. Akaja na kubwa, ile ya joka. Akaisukuma, akaigeuza, akaisukuma tena. Haikuingia. Mdomo wake ulikuwa wa mashine mpya, na mashine ya Makandi haikuwa na tundu la namna hiyo.

"Hii ingetaka ubadilishe kompyuta," muuzaji akasema polepole.

"Na ungeniambia lini? Nikishafika Meru?"

Akairudisha ya joka ndani ya sanduku lake. Akaweka ya katikati. Ikaingia taratibu, mashine ikawaka, na Makandi akaendesha mwenyewe, amesimama, mbele ya watu wote. Barabara ikajitandaza. Milima ya mbali ilikuwa na ukungu kidogo, lakini kona zote alizikata na hakuna mti uliomzukia. Alisema alisahau hata kuuliza bei mara ya pili. Akairudisha nyumbani ikiwa ndani, haikutolewa tena.

Vijana walirudi mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Akawapokea bila kuwasuta. Mimi niliwasuta kwa niaba yake.

Shule zikafungwa. Muthamia akaja na lori tupu, kamba na wapagazi wawili, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Akataka kusimama mlangoni kama kawaida yake, akakuta mlango umejaa watu. Kodi ya mwezi ilikuwa imelipwa asubuhi ile, na Makandi akamwambia hivyo mbele ya wote.

"Uongo."

"Kaa uone kilichoilipa."

Nafasi iliyokuwepo ilikuwa kiti cha mchezaji. Muthamia akaketi. Mara ya kwanza alitumbukia mtoni, na vijana wakamcheka, yeye dereva wa lori wa miaka mingi. Akavua kofia. Mara ya pili alimaliza mzunguko, amejikunja na ulimi nje, na wapagazi wakimwita hakusikia.

"Muthamia, inuka," Makandi akasema. "Zamu yako imeisha."

Akainuka. Akaitazama ile foleni, kisha dada yake.

"Kumbe hii ndiyo kandi ya picha?"

"Ndiyo hii."

"Ungesema ni ya kompyuta."

"Ungeuliza."

Akatoka nje. Nikamsikia akiwaambia wapagazi wakunje kamba, hakuna mzigo. Nilifurahi mpaka nikashona mkono wa shati la watu upande wa shingo. Halafu akarudi, amefunga mdomo kama alivyoahidi, akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya kijana wa sweta ya shule, na sarafu mkononi. Makandi hakumpitisha mbele.