Mkoromo Kando ya Mto

Fundi mwashi mmoja walimwita Timazi, kama ule uzi wa kupimia unyoofu wa ukuta, maana hakuvumilia kitu kilichopinda. Ila tangu atoke hospitali alikuwa haligusi godoro. Moyo ulitaka kumsimama akiwa usingizini, basi akauona usingizi ni mtego. Alisinzia kitini, akizinduka kila mara kama aliyeitwa. Mkewe, aliyekuwa akiulalamikia mkoromo wake tangu ujana wao, sasa ndiye aliyekosa usingizi kwa ukimya. Kweli mazoea yana taabu.

Binti yao akawapeleka kupiga kambi kwenye hifadhi ya kando ya mto, wapate hewa.

"Nimewajengea watu nyumba za mawe, leo nilale ndani ya kitambaa?" Timazi alinung'unika.

"Baba, wewe kaa tu. Pumzika," binti alimwambia, akahangaika na hema peke yake.

Pumzika, pumzika: ndio wimbo alioimbiwa mwezi mzima. Lakini hema liliposimama limeinamia mtoni, uzalendo ukamshinda.

"Nani kajenga hii? Mvua ikinyesha tutaokotwa ng'ambo!"

Binti alitaka kumzuia. Mama akamshika mkono, ingawa naye roho ilikuwa juu. "Mwache."

Timazi aling'oa vigingi vyote, akatafuta mahali tambarare, akafunga jiwe kwenye uzi kuhakikisha mlingoti umenyooka. Alitoka jasho, akafoka, akatukana kamba. Kisha akala sahani mbili, jambo ambalo lilikuwa limesahaulika. Baada ya chakula aliingia ndani, eti kukagua mishono mara moja tu.

Hakutoka.

Mkewe alikaa nje na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Kuchungulia aliogopa, na kutochungulia aliogopa zaidi. Mto ulikuwa ukipita na hema limetulia. Alikuwa ameshashika zipu ya mlango aliposikia ngurumo ndogo, halafu kubwa, halafu ile yenyewe, ya kutikisa kuta za nyumba nzima. Akaketi chini palepale kwenye nyasi. Alishukuru kwa sauti, bila kujali nani anamwona.

Mlinzi wa hifadhi alikuja mbio na fimbo yake.

"Mama, tokeni hapo! Watoto wa hema la pili wanasema kuna mnyama humo ndani."

"Yumo," alisema, akijifuta machozi kwa mtandio. "Ni wangu huyo. Tafadhali mwanangu, usimwamshe."